Kilomita Kumi na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Asubuhi nimetengeneza mashine mbili za kupasha watoto joto, wadi ya akina mama. Moja ilikuwa fyuzi tu. Wauguzi waliisukuma pembeni wiki tatu. Fyuzi.

Saa sita, simu ya shirika linalonituma. Safari ya Haiti imeahirishwa tena. Mara ya tatu. Sababu ni ile ile: usalama. Begi langu liko mlangoni tangu Februari na watu wa nyumbani wanaliruka kama dimbwi.

Kazi yenyewe si kubwa. Hospitali moja huko kaskazini ina mashine kumi za oksijeni zilizokufa, na fundi mmoja. Niende siku kumi, nizifufue, nimfundishe. Miaka kumi na minne natengeneza mashine za hospitali hapa Kericho. Kazi naijua. Kungoja ndiko sikujui.

Alhamisi, 6 Machi

Mafunzo ya usalama kwa kompyuta, saa nne nzima. Ukisikia risasi, lala chini. Ukitekwa, usibishane.

Halafu fomu. Niandike maswali matatu ambayo majibu yake nayajua mimi na watu wangu tu. Nikitekwa, watayauliza, wajue kama ningali hai. Nimeandika jina la ng'ombe aliyenipiga teke nikiwa darasa la tano. Nimeandika kitu Wesley aliniambia siku ya koito yetu, wazee wakiwa bado wanajadiliana mahari ndani. La tatu limenishinda.

Wesley akasimama nyuma yangu akasoma. Mume wangu ni mwalimu, husoma kila kitu. Akachukua ndoo akaenda kukamua, na haikuwa zamu yake. Imeniudhi. Heri angesema.

Jumapili, 9 Machi

Mchungaji ametangaza safari yangu kanisani. Sasa kijiji chote cha Roret kinajua. Wamama wamenishika mkono kama tuko matangani.

Mama hakujiunga nao. Alingoja tufike nyumbani.

"Polisi wetu walienda huko na bunduki. Wewe unaenda na nini?"

Nikamwambia bisibisi. Hakucheka.

"Hao watu hawana mafundi?"

"Wako na mmoja, Mama."

"Basi si wako na huyo mmoja?"

Jioni ujumbe ukaingia. Ndege ni Jumatano. Sikujua nifurahi ama nikae chini.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefika. Siku mbili njiani, miguu imevimba. Uwanja wa ndege, mimi na wengine wa shirika tulipokelewa na Roland, mkuu wa usalama wa shirika. Akanivisha vesti ya kuzuia risasi, nzito kama gunia la mbolea. Nyumba tunayokaa ina ukuta mrefu, seng'enge juu, walinzi wawili langoni.

Hospitali iko kilomita kumi na moja kutoka hapa. Roland amesema kesho.

Jumamosi, 15 Machi

Haikuwa kesho.

Kila asubuhi Roland anapiga simu zake, halafu anatutangazia rangi ya barabara. Kijani, tunatoka. Nyekundu, hakuna kutoka. Leo nyekundu.

Jumatatu, 17 Machi

Nyekundu. Nimefua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Kutoka juu ya nyumba naiona barabara yenyewe. Vilima vinafanana na vyetu vya upande wa Bomet, ila viko uchi, hakuna majani chai, hakuna mti. Wanawake wanapita na ndizi vichwani. Watoto wa shule, soksi nyeupe, wamevutwa masikio wakasafishwa. Pikipiki kila dakika. Nilimuuliza Roland kama hao wote hawajaambiwa rangi.

"Hao si jukumu langu," akasema.

Alisema polepole, bila ubaya wowote. Hapo ndipo nilikasirika kabisa.

Jumanne, 18 Machi

Nyekundu.

Nimeongea na Wilner, fundi wa hospitali, kwa simu ya video. Mtu wa miaka hamsini na kitu, mpole. Kiingereza chake kina mashimo, changu pia, lakini tunakutana. Akanitembeza kwenye korido. Mashine zangu zimepangwa ukutani, zote na vumbi. Halafu wadi. Moja tu inafanya kazi. Mzee na mtoto wanapokezana. Dakika ishirini huyu, dakika ishirini yule, na nesi ameshika saa.

Nikamwambia afungue kifuniko cha moja nione ndani. Mtandao ukakatika. Mara nne. Nimerusha slipa ukutani.

Kilomita kumi na moja. Ni kama kutoka kule kwetu kwenda sokoni na kurudi. Bibi zetu walikwenda hivyo na mzigo mgongoni.

Alhamisi, 20 Machi

Jana nilimwambia Wilner: kama mimi siwezi kuja, lete mashine. Leo amekuja. Ameifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira, amevaa viatu vya kanisani.

Wageni hawaruhusiwi ndani. Nilibishana na Roland hadi chai yake ikapoa. Mwishowe akakubali tufanyie kwenye kibanda cha walinzi, hapo langoni, hatua moja zaidi hapana.

Kapasita, kile kikopo cha kuwashia mota, ilikuwa imeungua. Nikaibadilisha. Nikamwonyesha Wilner jinsi ya kuijua kwa kunusa. Saa tisa mashine ikaanza kupumua. Wilner akaweka bomba karibu na mdomo wake akafunga macho. Nilitoka nje kidogo. Nilisema ni vumbi machoni.

Akaifunga tena akaondoka nayo.

Jumamosi, 22 Machi

Jana mbili, leo mbili. Zimekuwa tano. Pikipiki inabeba moja kwa safari, kwa hivyo anakuja, anarudi, anakuja tena. Barabara ninayokatazwa mimi, yeye anaipita mara nne kwa siku.

Jana nililiona hilo. Sikumwambia Roland, na Wilner sikumuuliza. Niandike ukweli, hapa hakuna mtu anasoma: nilizitaka hizo mashine. Wakati anaondoka leo nilimwambia Jumatatu aje mapema, tuharakishe.

Jumatatu, 24 Machi

Hajafika.

Tulipatana saa mbili. Saa tano hakuna mtu. Simu imezimwa. Kitu kama saa sita tukasikia milio ya risasi upande wa daraja, mbali, kama mahindi yakikaangwa. Walinzi hawakushtuka. Nikamwomba Roland atume gari. Hapana. Nikamwomba apigie hospitali. Akapiga. Wilner alitoka huko asubuhi na mashine ya sita.

Nimekaa kibandani hadi waliponiondoa. Vifaa nilikuwa nimevipanga mezani. Ni mimi nilisema aje mapema. Sikusema kwa kuteleza ulimi. Nilisema nikijua.

Jumanne, 25 Machi

Amekuja. Saa nne, kwa miguu, jicho moja limefura.

Vijana walimsimamisha darajani. Wakachukua pikipiki, mashine na simu. Alijificha kwa binamu yake hadi leo asubuhi. Badala ya kurudi nyumbani akaja huku kwanza, kwa sababu hakuwa na simu ya kuniambia ako hai.

Nilianza kuomba msamaha. Nilikuwa nimeupanga usiku kucha. Akaniinulia mkono.

"Madam, hii barabara ni yangu. Naipita hata kama hujakuja."

"Lakini ni mimi nilikuita."

"Ndiyo," akasema. "Wewe uliniita."

Hakuongeza. Hakunipunguzia. Nafikiri alinipa kile kilikuwa changu.

Halafu akauliza kama kuna karatasi. Hakuna mashine ya kufungua, kwa hivyo nilichora. Kompresa, vali, mitungi ya kuchuja hewa, hewa inaingia wapi, inatokea wapi. Aliuliza maswali mazuri kuliko wanafunzi wote nimewahi kufundisha. Saa nane Roland akatoka nje mwenyewe na mkate, mayai na dawa ya jicho. Akaviweka mezani na kurudi ndani. Hakutaja masharti. Baadaye akampata dereva wa kumrudisha Wilner. Kumbe dereva alikuwako.

Jumatano, 26 Machi

Tunaondolewa sote, sababu ni usalama. Tumepewa saa moja ya kufunga mizigo. Wilner hayuko. Nimemwachia mlinzi sanduku langu lote la vifaa, na vipuri, na barua. Mlinzi ameniapia kwa mama yake.

Mashine tano kati ya kumi, na moja imeibwa. Gari likatupeleka uwanjani, upande ule mwingine. Hospitali yenyewe sikuiona hata paa.

Nina hasira hadi meno yanauma. Sijui ya kumpa nani. Roland alifanya kazi yake. Narudi mzima, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua zimeanza. Wesley alikuja kunichukua Kericho mjini Ijumaa iliyopita, akaongea njia yote. Ng'ombe, shule, mwalimu mkuu mpya. Hakunyamaza hata mara moja. Nilimwacha aongee.

Leo nimechuma majani chai na Mama tangu asubuhi. Vidole vimesahau, vinauma. Saa nne simu ikalia. Namba mpya, video fupi. Mkono wa Wilner, bisibisi yangu, mashine imefunguliwa. Anafunga kifuniko, anawasha. Inanguruma. Hii nyingine ameifufua mwenyewe. Hakuandika kitu chini yake.

Niliisikiliza mara mbili katikati ya mistari ya chai.

"Nani huyo?" Mama akauliza.

"Fundi mwenzangu wa kule."

Akachuma kidogo, akatupa kwenye kikapu.

"Na barabara yao ni mbaya vile wanasema?"

"Sijui, Mama. Mimi sikuipita."

Akahamia mstari wa pili, nami nikamfuata.