Niliyeomba Mvua Ichelewe

Shule ya Msingi Lubanda,
S.L.P. 40,
Geita.
23 Novemba, 1983.

Mpendwa Kaka Maduhu,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza hali nataka kukuambia jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama, hata padre. Mwezi wote wa Oktoba, kijiji kizima kilipokuwa kikiomba mvua, mimi nilikuwa naomba ichelewe. Jumapili katekista alipotuambia tupige magoti, nilipiga magoti pamoja na wengine, nikafumba macho, nikasema moyoni: Bwana, bado kidogo. Nakuandikia wewe kwa sababu uko mbali, na kwa sababu hujawahi kunicheka.

Sasa naweza kukusalimu vizuri. Hujambo huko Finland? Kifua kimepona? Mama anauliza kama unakula kitu cha moto asubuhi, na kama lile koti la kuazima umekwisha mrudishia mwenyewe. Sisi hatujambo. Scolastika ameota meno ya mbele na anajiona mtu mzima. Baba anaumwa mgongo lakini hakubali. Mimi nimemaliza mtihani wa darasa la saba na tunangoja majibu. Bado tunakwenda shule kila siku kulima shamba la shule na kumwagilia miche.

Barua yako ya mwezi wa Mei ilifika Agosti. Nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Uliandika jinsi majira ya kuchipua yanavyokawia huko: theluji inadondoka kutoka kwenye paa tone kwa tone, kesho yake inaganda tena, na wewe kila asubuhi unatazama tawi lilelile dirishani kuona kama limeamka. Ukauliza kama kwetu kuna kitu kinachofanana na hicho. Wewe ulikulia Songwa kwenye mbuga tupu, hukuuona msitu huu tuliohamia baada ya wewe kuondoka. Acha nikueleze.

Huku miti haingoji mvua. Mwezi wa Septemba, ardhi ikiwa ngumu kama kigae na nyasi zimeungua, mitundu na miyombo inaanza kutoa majani, na majani yenyewe si ya kijani. Ni mekundu. Mengine yana rangi ya shaba, mengine rangi ya divai ya misa. Kwanza ni mti mmoja tu kule bondeni, na ukiutazama unafikiri umekosea tarehe. Wiki nzima inapita hakuna mwingine. Kisha inakuwa mitatu, na siku moja unatoka shule unakuta kilima chote kimebadilika. Baadaye majani yanapauka, yanakuwa ya kijani, na mitundu inatoa maua madogo yasiyo na sura, lakini harufu yake inaingia hadi darasani. Muda wote huo halijadondoka tone. Miti inapata wapi maji, kaka? Kitabu cha mimea ulichoniachia hakisemi. Wewe unayesomea misitu niandikie.

Maua hayo ndiyo yaliyotuingiza katika habari ya nyuki.

Sikukuandikia yote kuhusu ng'ombe, baba alinikataza. Sasa amesema naweza. Malisho ya Songwa yalikwisha, tukaja huku kwenye nyasi ndefu, lakini nyasi ndefu zina mbung'o. Ng'ombe waliumwa na mbung'o, wakakonda, wakafa mmoja mmoja. Wamebaki wanne. Baba hakulia. Alikaa kwenye zizi tupu siku nyingi akichonga kijiti, na kijiti kikiisha anachukua kingine.

Jirani yetu Mzee Sabiti, Msumbwa mwenye mizinga mingi, ndiye aliyemwambia ajaribu nyuki. Huyu mzee anajiita mtani wetu na hana siku anayotuacha salama. Baba alichonga mizinga sita, akaitundika juu ya mitundu kati ya nyumbani na shule. Mama alifurahi sana. Furaha yenyewe ilikuwa na sababu, nayo ni Baba Mdogo Jilala.

Baba Mdogo Jilala sasa anachimba dhahabu. Alikuja Septemba na shati jipya na redio, akamwambia baba waende wote. Baba akasema ana nyuki wake anaowangoja. Baba Mdogo akacheka: "Kaka, nyuki ana mbawa. Dhahabu haina mbawa, ipo palepale inakungoja."

Mama alikuwa anapepeta mtama. Hakuinua kichwa. "Hata kaburi, shemeji, lipo palepale linamngoja."

Hakuna aliyecheka. Mwaka jana shimo la dhahabu lilimfukia jirani yetu Mageni, mtu mrefu aliyekuwa anaimba besi kanisani. Walimtoa baada ya kuchimba mchana kutwa. Mkewe anaishi nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Baba aliwaza, halafu akatoa neno lake. Mvua ya kupandia ikinyesha na mizinga ikiwa na nyuki, atabaki. Ikinyesha na mizinga ikiwa mitupu, atapanda shamba, amwachie mama palizi, aende na mdogo wake. Unamjua baba, neno lake halina mlango wa nyuma. Sasa umeelewa kwa nini niliomba vile.

Maua yalikuwa tele na nyuki wa Mzee Sabiti walikuwa wanavuma, lakini kwetu hakuingia hata mmoja. Baba hakutaka kuuliza. Mwishowe Mzee Sabiti alikuja mwenyewe, akapanda mtini na miaka yake yote, akachungulia mzinga wa kwanza. Tukamsikia anacheka huko juu mpaka tukaogopa ataanguka.

"Maige! Umeweka nini humu?"

"Samli," baba akajibu. "Kidogo tu. Ili mbao zisipasuke."

"Umewafanyia sisimizi harusi! Wamejaa humu na wajomba zao!"

Kaka, nilitaka ardhi inimeze kwa niaba ya baba. Alikuwa ameipaka mizinga yote samli kwa ndani, kama tunavyopaka kibuyu kipya kabla ya kukamulia maziwa. Samli yenyewe ilikuwa ya mwisho ya ng'ombe waliokufa. Alikuwa amewapa nyuki kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo.

"Nyie Wasukuma kila kitu kwenu ni kibuyu," Mzee Sabiti alisema aliposhuka. "Ulitaka kuwakama? Nyuki ni Msumbwa, bwana, hapendi harufu ya zizi."

Baba akasema, "Basi nifundishe, mtani, ukimaliza kucheka."

"Sijamaliza. Lakini lete moto."

Waliishusha mizinga, wakaibabua ndani kwa moto mpaka samli ikatoka moshi mweusi, wakaisugua kwa nta. Nta alitoa Mzee Sabiti. Alisema ni zawadi ya mtani, ila asali ya kwanza baba atamlisha mpaka akimbie mwenyewe. Wakatundika upya. Lakini kazi hiyo ilipokwisha maua ya mitundu yalikuwa yamekwisha anza kudondoka.

Hapo ndipo kusubiri kulipokuwa kugumu. Jioni mawingu yalikuwa yanajipanga upande wa ziwa, ngurumo zinasikika mbali, upepo unaleta harufu ya maji, watu wanatoka nje kutazama. Kisha upepo unageuka, nyota zinatoka. Wenzangu walisikitika, na mimi nilipumua. Kila asubuhi nikienda shule nilisimama chini ya kila mzinga na kutega sikio, na kila asubuhi palikuwa kimya.

Halafu siku moja nilimkuta mama ameinama juu ya yule ng'ombe mwekundu, Ndama wa Mvua kama tulivyomwita, ambaye alikuwa hawezi kusimama. Mama alikuwa ametoka kisimani, siku hizi ni mwendo wa saa nzima kwenda, na yale maji alikuwa anampa ng'ombe kwa kiganja. Midomo yake mwenyewe ilikuwa imepasuka. Hakuniona. Nilirudi nyuma taratibu, nikakaa chooni ambako hakuna mtu anayekuita, nikafikiria kwamba kila ninapoomba bado kidogo, ninamwomba mama abebe ndoo nyingine. Usiku ule sikuomba ichelewe. Nilisema inyeshe tu, na mengine tutaona.

Sidhani kama ni mimi niliyeileta, usinicheke. Ila Alhamisi iliyopita ilinyesha. Ilianza mchana, matone makubwa yaliyorusha vumbi, halafu ikashuka yenyewe, nzito, mpaka mifereji ya shule ikafurika na walimu wakatuachia. Watu walicheza barabarani. Mama alisimama uani na kanga yake imelowa, anacheka na Scolastika. Mimi nilipita kwenye mizinga, yote sita. Kimya.

Baba alipanda Ijumaa na Jumamosi. Jumapili Baba Mdogo Jilala alifika. Mama alimfungia baba mzigo: blanketi, sufuria ndogo, na matobolwa ya njiani, vile viazi vya kuchemshwa na kukaushwa. Hawakugombana. Afadhali wangegombana.

Jumatatu alfajiri waliondoka. Baba aliniwekea mkono kichwani, akasema nimsaidie mama. Walipopotea kwenye kona nilichukua jembe langu nikaenda shule kwa njia ya mizinga. Sijui kwa nini, labda mazoea. Msitu ulikuwa umeoshwa, unanuka majani, na miti ya chini ambayo siijui majina ilikuwa imefungua maua meupe baada ya mvua. Mzinga wa kwanza kimya. Wa pili kimya. Kwenye wa tatu, mdomoni, niliona vitu vinatembea, nikafikiri ni sisimizi wale wale. Nikasogea. Walikuwa nyuki. Wanaingia, wanatoka, wanazunguka, wanarudi tena. Niliweka sikio kwenye shina na nikasikia.

Nilitaka kupiga kelele. Lakini unajua mwenyewe, mtu akishatoka safari haitwi kwa nyuma. Ukimwita umemfungia njia na nuksi inamfuata. Na kama angeendelea na safari hata baada ya kuitwa, basi ingekuwa mimi niliyempeleka shimoni na mkosi. Kwa hiyo sikumwita. Niliacha jembe palepale, nikakata msituni. Njia yao inazunguka kilima, mimi nilipanda kilima chenyewe. Nilianguka mara kadhaa. Miiba ilichana sare yangu. Nilitokea upande wa pili, nikashuka, nikasimama katikati ya njia nikiwaelekea, ili waje mbele yangu.

Walipotokea, Baba Mdogo ndiye aliyeniona kwanza. "We Nyamizi! Shule imehamia huku?"

Nilikuwa nimepanga maneno mengi na yote yalikimbia. "Baba, shikamoo," nikasema, kana kwamba hatujaonana. "Wameingia. Mzinga wa tatu."

"Wangapi?" Baba Mdogo akauliza. "Watatu? Wanne?"

"Sikuwahesabu, Baba Mdogo."

"Wamekuja kujikinga mvua hao. Kesho hawapo."

"Mvua ya kupandia imenyesha," nikasema, "na mzinga una nyuki. Baba alisema mizinga ikiwa na nyuki." Sijawahi kumkumbusha baba neno lake mwenyewe, kaka. Nilitazama miguu yake.

Baba alinitazama nguo, kisha magoti. Hakusema nimefanya vizuri wala vibaya. Akamgeukia mdogo wake. "Jilala, tangulia. Naenda kuwaona hao wageni."

"Kwa ajili ya mzinga mmoja, kaka?"

"Na ng'ombe nilianza na mmoja."

Baba Mdogo alicheka kidogo, akasema atamwekea nafasi yake mpaka Krismasi, akaenda. Namwombea yeye pia.

Tulirudi. Baba alisimama chini ya mtundu ule muda mrefu sana, mkono kwenye shina. Mzee Sabiti alipofika alisema kundi ni dogo lakini lina nia ya kukaa, na kwamba maua ya baada ya mvua yakiendelea huenda likaja jingine. Huenda. Sikuandikii kwamba mambo yamekwisha. Baba jana alichonga mzinga wa saba.

Bibi Limi kule Songwa anakusalimu, ametuma salamu kwa mtu aliyekwenda mnadani. Mama, Scolastika na Mzee Sabiti wanakusalimu. Mzee Sabiti anasema umtafutie Mfini mmoja wa kumtania, huku Wasukuma hawamtoshi. Mungu akutunze katika baridi hiyo, na akurudishe ukiwa na mwili ulioondoka nao.

Mengine ya Jumatatu ni haya tu. Nilibeba mzigo wa baba kichwani hadi nyumbani, nikampa mama. Aliufungua, akakunjua blanketi akalianika juani, sufuria akairudisha jikoni, matobolwa akatugawia. Nilikula yangu nimesimama. Kisha nilirudi kuchukua jembe, nikaenda shule, nikakuta wenzangu wamefika mbali. Mwalimu aliniuliza nilikuwa wapi, nikamwambia, akanionyesha tuta langu, nikalima.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Nyamizi Maige