Mtihani wa Nekesa Kiwandani

Dada Rose,

Bwana aliyekuamsha leo ameniamsha mimi pia. Unakumbuka tulivyosomea kompyuta kwa vibonye vya kuchorwa kwenye katoni, wewe ukinishinda kwa kasi, na hakuna ofisi iliyotuita? Nimezikumbuka sana siku hizo. Sasa chuo cha binti yako kinapeleka mtihani huko huko kazini. Jana nilimsindikiza Nekesa wako kwenye kiwanda cha sabuni hapa Baba Dogo. Msimamizi akamwambia, "Vyeti weka kando, msichana. Kompyuta imekataa kuongea na printa. Zipatanishe." Nekesa akavua viatu, akaingia chini ya meza kufuata waya, mimi mlangoni nikiomba kimoyomoyo. Karatasi ilipotoka kwenye printa, msimamizi akasema, "Jumatatu uje na chakula chako. Cha hapa hakiliki."

Kazi amepata, Rose. Leo lala ukishukuru.

Mdogo wako akupendaye,
Beatrice