Niite Mama Pacha

Kwako Baba Pacha,

Huku tunaendelea. Mwanao ameota jino la pili, ananing'ata kama tuna ugomvi. Bomba la uani bado linavuja, fundi kila siku anasema anakuja.

Jana tulikwenda kliniki. Tangu tumzike pacha mwenzake, dada yako amewaomba manesi wasiniite tena Mama Pacha, ati jina linanitonesha kidonda. Najua ananionea huruma. Basi yule nesi mcheshi akachungulia mlangoni, akasitasita, akaita, "Mama Mtoto!" Benchi zima likacheka, maana nani pale si mama mtoto? Mimi sikuinuka.

Akanifuata. "Shoga, si nakuita?"

"Hujaniita bado," nikamwambia.

Akanitazama, kisha akasema polepole, "Haya, Mama Pacha, karibu ndani."

Akamlaza mwanao katikati ya kitanda ampime. Mtoto akajisukuma mpaka ukingoni, akanyoosha mkono palipobaki wazi, akawa anapapasa, kama afanyavyo nyumbani. Nesi akataka kumrudisha katikati.

"Mwache," nikasema. "Anampisha mwenzake."

Nesi akamshika tu mguu asianguke, akampima hapo hapo. Kwenye mizani uzito umeongezeka, usiwe na wasiwasi.

Wifi anasema atakuandikia na wewe uliache jina hilo. Usimsikilize. Siku utakayorudi, gonga mlango uniite kwa sauti, tusikie wote. Ukiita jina jingine, sifungui.

Ni mimi wako,
Mama Pacha