Penseli Nyekundu na Shingo ya Mkwe

Jumatatu, 6 Agosti 1956

Natangaza rasmi, mbele yangu mwenyewe na mbele ya mjusi aliye juu ya dirisha, kwamba leo saa mbili na nusu asubuhi hospitali hii ya mgodi wa dhahabu imenikabidhi penseli mpya nyekundu. Hakukuwa na hotuba. Nesi Felista alinirushia tu. "Shika, Baba Kulwa. Na hii usiitafune."

Ya zamani niliitafuna. Sikanushi.

Penseli hii ina kazi kubwa kuliko ya karani yeyote wa mgodi. Daktari ana chupa iliyokuja kwa ndege mpaka Mwanza, kisha kwa lori mpaka hapa Geita, ndani ya kopo la madini ya risasi, zito kuliko jiwe la kusagia. Ndani ya chupa, maji. Ndani ya maji, iodini yenye moto usioonekana wala kuunguza. Mgonjwa anakunywa. Tezi ya shingo inaipenda iodini kama nzi anavyopenda maziwa, inaikusanya. Kesho yake tunaweka bomba mbele ya shingo na sanduku linalia: tik, tik. Penye iodini nyingi linalia sana. Pasipo nayo linanyamaza.

Seremala wa mgodi ametuchongea ubao wenye matundu arobaini na tisa, saba kwa saba. Felista anahamisha bomba tundu kwa tundu, dakika moja kila tundu, macho kwenye saa yake. Mshale wa sanduku ulikufa njiani kwa makorongo, kwa hiyo milio naihesabu mimi, kwa sikio. Jioni nageuza hesabu kuwa nukta kwenye karatasi ya miraba. Nukta zikijaa, shingo inajitokeza. Ya ndani. Bila kisu.

Wagonjwa wanne mpaka sasa. Kila mara nashangaa upya. Niliajiriwa hapa kufagia. Kusoma nilijifunza kwenye magunia ya saruji.

Jumanne, 7 Agosti

Balaa. Mkwe wangu amefika kutoka Segese, juu ya lori la pamba, ameshika shavu. Alikuja kwa shida yake ndogo. Daktari akamwona shingo, shida ndogo ikasahaulika.

Ana uvimbe upande wa kushoto, ukubwa wa yai la kanga. Mikono inamtetemeka. Amekonda. Nyumbani walisema ni uzee, na wengine walisema ni jirani.

Nilipomwona kwenye ukumbi nilijificha stoo ya mifagio. Nilikaa humo saa nzima. Sisi Wasukuma mtu hatazamani na mama wa mkewe. Hasemi naye uso kwa uso, hataji jina lake. Hata humu siliandiki. Mama Kulwa amekuja mlangoni mwa stoo. "Toka humo. Mama atapimwa, na wewe ndiye mwenye masikio."

Jumatano, 8 Agosti

Amekunywa maji. Amesema hayana ladha, ni afadhali wangetia chumvi.

Daktari haelewi kwa nini nataka pazia. Felista kamweleza. Yeye ni Mzinza wa Chato, anatucheka Wasukuma kama kazi maalumu. "Daktari, huyu akimwona mkwewe atageuka jiwe, na sisi hatuna mtu mwingine anayejua kuhesabu." Daktari akaandika kwenye daftari lake. Anaandika kila kitu. Haoni aibu kujifunza, huyu mzungu. Juzi kajifunza kusema "mwangaluka", salamu yetu ya asubuhi, na sasa anamwamkia hivyo kila anayekutana naye, asubuhi na jioni, ingawa ya jioni ni nyingine.

Pazia limepatikana. Shuka la wodi namba mbili, lenye doa.

Alhamisi, 9 Agosti

Tumepima. Mimi, sanduku na daftari upande huu wa shuka. Mkwe, Felista na bomba upande ule. Aliketi akasema kwa sauti, si kwangu: "Nesi, mwambie huyo mwenye shuka, wajukuu wangu wamekonda." Nikamwambia Felista amwambie wamerefuka tu.

Safu za kulia zilikwenda vizuri. Za kushoto tuliziingia saa nne, wakati wa uji. Wodi nzima inapita mlangoni na vikombe, ikimwamkia Mkwe. "Mwangaluka, mayu!" "Mhola?" "Mhola duhu." "Za Segese?" Kila kelele ikinifunikia mlio natia msalaba mdogo pembeni mwa hesabu. Ni hasira yangu tu, haina kazi nyingine.

Jioni nimechora. Kulia, nukta nzuri. Kushoto, palipo na uvimbe, karatasi nyeupe. Shimo. Penseli haikugusa.

Ijumaa, 10 Agosti

Daktari aliitazama picha muda mrefu. Akasema taratibu: uvimbe usiokula iodini ndio unaomtia wasiwasi. Unaweza kuwa ule mbaya, unaosambaa. Utakatwa Jumatano. Akasema pia ukweli wote, maana hajui kusema nusu: mshipa wa sauti unapita hapo hapo. Anaweza kupona akabaki bila sauti. Anaweza asiamke.

Mkwe ndiye anayeanzisha nyimbo kijiji kikilima kwa pamoja. Majembe sitini yanasubiri koo moja. Mama Kulwa amelia akipepeta mchele. Mimi naogopa. Naandika tena ili nisijidanganye: naogopa.

Jumamosi, 11 Agosti

Sijala. Nimeitazama ile picha mpaka macho yakawasha.

Kuna jambo. Shimo lina miraba tisa nyeupe. Nikafungua daftari la hesabu. Misalaba yangu ya hasira iko tisa. Miraba ile ile. Hakuna msalaba nje ya shimo, hakuna mraba mweupe usio na msalaba.

Nimeketi chini.

Nilidhani kelele ndizo zilizonipotezea mlio. Kumbe mlio haukuwepo. Mama mtu mzima akiamkiwa haitikii huku ametazama ukuta. Anageuka, mwili mzima, anainama kidogo, anauliza za ng'ombe. Shingo inaondoka mbele ya bomba. Bomba linapima hewa. Felista yuko na saa yake. Na mimi, mtu pekee ambaye angeona, niko nyuma ya shuka kwa adabu.

Tumepiga picha ya heshima. Tumeiita ugonjwa.

Jumapili, 12 Agosti

Nimekwenda nyumbani kwa Daktari baada ya misa. Nimevaa viatu. Nikaweka daftari na picha mezani, nikaonyesha msalaba mmoja mmoja. Nilijua anaweza kunifukuza. Fundi wa mifagio anamfundisha daktari picha yake.

Akahesabu kwa kidole. Akarudia. Kisha akauliza, "Ni nani walimwamkia?"

Nikataja. Mpishi. Mzee wa mguu wa plasta. Wachimbaji wawili wa kifua. Nikafunga daftari.

"Hao ni wanne. Na mingine mitano?"

"Ni wewe, Daktari. Ulipita na mwangaluka mara tano."

Uso ukawa mwekundu kama penseli yangu. Kisha akacheka mpaka akashika meza. Nimewahi kuwaona wakubwa wakikosea. Mkubwa anayefurahi kuonyeshwa, huyu ndiye wa kwanza. Nampenda mtu huyu, na sitamwambia.

Akaacha kucheka. Iodini inakufa mwilini, alisema. Kila siku nane inabaki nusu. Tayari sauti yake imepungua, na chupa nyingine ni mpaka miezi ipite. Kesho tupime tena. Keshokutwa ndiyo siku ya mwisho ya kubadili habari ya kisu.

Tatizo: nani atawazuia watu kusalimiana? Daktari alitaka kubandika tangazo. Nikamwambia wanaojua kusoma ni watatu, na wote watasimama kumwamkia mgonjwa wamwulize limeandikwa nini.

Niachie, nikasema.

Jumapili hiyo hiyo, jioni

Nilikwenda bombani kuchota maji nisiyoyahitaji. Nikamwambia mpishi, kwa siri, kwamba lile sanduku linalia likisikia dhahabu iliyomezwa. Nikamwomba asimwambie mtu.

Jumatatu, 13 Agosti

Ukumbi mtupu. Saa nne, wakati wa uji, mtupu. Mzee wa plasta alizunguka nyuma ya jengo, kwenye mawe, kwa magongo. Wachimbaji wa kifua wamepona ghafla na kuomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Sikujua tuna wamezaji wengi hivi.

Daktari alikaa nje juani akiulinda mlango, kiganja mdomoni.

Bado kulikuwa na shuka. Nikikaa nyuma yake sitaona akigeuka. Nikiliondoa nitamwona. Nilisimama kama mbuzi mlangoni. Felista akachoka. Akamfunika Mkwe kanga kichwani, uso wote, akaacha koo tu. "Haya. Shingo si mkwe wa mtu."

Mkwe akasema ndani ya kanga: "Nesi, mwambie huyo, akihesabu vibaya nitaifunua."

Nimehesabu dakika arobaini na tisa bila kupepesa. Shingo ngumu, yenye mikunjo miwili na shanga moja ya bluu. Haikutikisika. Mlio ulikuwa dhaifu kuliko wa Alhamisi, ukaniwia kazi. Kulia, tik, tik. Tukafika kushoto.

Sanduku likalia kama mvua ya mawe kwenye bati.

Nusura nipoteze hesabu kwa furaha. Sikupoteza. Hakuna msalaba hata mmoja.

Nyumbani Mama Kulwa kaniuliza kama sasa mama yake ni mwizi wa dhahabu. Mjini wanasema kameza kipande cha ukubwa wa yai, kimekwama. Ugali ulikuwa baridi.

Jumanne, 14 Agosti

Nimechora upya usiku kucha mpaka alfajiri, nikampelekea Daktari kabla ya chai. Shimo halipo. Pale pale kwenye uvimbe nukta zimebanana mpaka karatasi imelowa wekundu. Upande wa kulia nukta chache, zimekaa kinyonge. Uvimbe unakula iodini yote, unawanyima wenzake.

Daktari alisimama. Akasema hii ndiyo inayoeleza mikono kutetemeka na kukonda: kipande kimoja cha tezi kinafanya kazi ya kumi, kinamchosha mwenyewe. Aina hii si ya kuogopwa kama ile. Hakuna kisu. Chupa ijayo atakunywa maji yale yale, mengi zaidi, na moto usioonekana utakipunguza kile kilafi kutoka ndani, kwa sababu ya ulafi wake mwenyewe.

Nimeifikiria hiyo siku nzima. Kwamba binadamu waliketi mahali wakatafuta kitu ambacho tezi inakipenda, wakakitia taa, wakakisindikiza kwa masikio mpaka ndani ya mama mmoja wa Segese aliye hai, anayelalamikia chumvi. Hawakumfungua. Walimsikiliza. Sijui majina yao. Ningewaamkia wote, nje ya saa za kupima.

Penseli imebaki kipande cha kucha. Felista anadai nimeitafuna.

Alhamisi, 16 Agosti

Mkwe ameondoka na lori la asubuhi. Nilikuwa stoo ya mifagio, mlango wazi kidogo. Alimpa Mama Kulwa kuku wa "yule mwenye shuka". Picha ameichukua. Alikuwa anaimba kabla lori halijawaka, na waliokuwa juu ya magunia waliitikia.

Atarudi chupa ikija. Daktari amepunga mkono mpaka vumbi likatua, kimya, asiseme mwangaluka.

Baadaye nimefungua faili la Mkwe niandike kwamba ameondoka. Ukurasa wa kwanza, siku aliyofika, Felista aliandika alichokuja nacho. Jino. Hatukuling'oa.