Mawe Yako Meusi na Masanduku Yaliyochomwa

Baba,

Nakuandikia nikiwa na hasira, unisamehe. Mjukuu wako ambaye hukumuwahi yuko mgongoni, na mikono yangu ni myeusi mpaka viwiko kwa vumbi la mawe yako.

Masanduku ya mawe yalichomwa, Baba. Siku ya msiba wako kuni ziliisha, watu wamejaa, kaka Ambokile akasema, "Hizi mbao za mzee si zimekaa bure?" Wakamwaga mawe nyuma ya banda la mbuzi, wakapikia maharage. Vile vibao vyako vya namba, vilivyoonyesha kila jiwe limetoka kina gani, navyo vikaingia motoni. Mimi nilikuwa ndani nalia.

Sasa wale wataalamu wa miamba wamerudi Itumba, kijana mmoja na dada mmoja. Wanatafuta gesi iliyonasa ndani ya lile jiwe jeusi, na shimo walilochoronga zamani lilishafukiwa. Wakaulizia mawe waliyoyatoa humo wakakuachia uyatunze. Nikawapeleka kwenye lundo. Dada akachuchumaa. Akasema mawe yakiwa hayana mpangilio, hawawezi kujua kipande kipi kimetoka kina gani. Kijana akadakia, "Basi huyo mzee alizembea."

Wewe! Uliyekuwa unafunika mawe kwa turubai kabla hata ya kuanua mahindi yetu! Nikaomba wiki mbili tu niyapange.

Nikaanza kupanga. Nilipomaliza la saba uliniambia, "Usiangalie rangi, ling'ate." Basi nang'ata. Linalokwaruza meno lina mchanga. Linaloteleza ni tope tupu la ziwa la kale, lile ulilosema lilifunika majani kabla hayajaoza. Nikilivunja linanuka kama mafuta ya taa. Naunganisha vipande ncha kwa ncha, zikikaa sawa nacheka peke yangu. Majirani wanasema, "Mama Neema anakula mawe, mimba nyingine hiyo!"

Lakini mengine mvua imeyachambua kama daftari lililolowa. Nimejaribu mpaka nimelia. Kaka anasema, "Jaza tu mapengo, nani atajua? Yote si meusi?" Baba, nilimtazama mpaka akaondoka mwenyewe.

Jana walikuja. Nilikuwa nimeyapanga juu ya mabati, na pale nisipojua niliacha wazi, nikasema sijui. Dada akafuata kila ungio kwa kidole, akilinganisha na daftari lao la zamani la shimo. Akasema kipande kirefu cha katikati kinapimika. Mengine, hapana. Nikamwambia yule kijana aandike kwamba masanduku tulichoma sisi, msibani, wewe ukiwa umeshafariki. Akaandika. Nikamwambia anisomee. Akanisomea.

Bado sijaridhika. Kazi yako ya miaka yote, imebaki kipande. Nina hasira na kaka, na mvua, na wewe pia kidogo. Mbona ulinifundisha mimi peke yangu? Mbona hukuwaambia wengine mawe yale ni ya nini?

Lala salama, Baba yangu. Fundi ananitengenezea masanduku mapya. Nami nakuahidi, kila mtu wa nyumba hii nitamkalisha chini nimweleze, nikianza na kaka. Siku yangu ikifika, wajue cha kutia motoni na cha kuacha.

Mwanao,
Mama Neema