Mabati Ishirini Kichwani

Chepkoech, mtoto wa dada yangu,

Chamgei, salamu nyingi. Sisi ni wazima huku Bomet, mama yako anachuma chai na ng'ombe wake amezaa. Lakini wewe umenichosha. Hii ni mara ya tatu unaniandikia kutoka Londiani ati huwezi kuokoka wala kubatizwa mpaka ufanye mema ya kutosha. Ya kumtosha nani?

Nikiwa kijana nilibeba mabati ishirini ya kanisa letu kichwani, peke yangu, upepo ukitaka kunirusha mpaka Kaplong. Siku ya ubatizo mzee wa kanisa akauliza tunakuja na nini mbele ya Mungu. Nikataja mabati. Akamgeukia Kipruto, mlevi wa kijiji, ambaye hakubeba hata msumari.

"Mimi sina kitu, mzee," Kipruto akasema. "Namwamini Yesu tu."

Akabatizwa. Mimi nikaambiwa, "Wewe shusha mabati kwanza, ndugu."

Nilinuna miezi mitatu. Halafu Jumapili moja mvua ya mawe ikatukuta kanisani, kila jiwe kama yai la bata. Kipruto alikuwa amekaa mkavu kabisa. Mimi mbeba mabati, maji yalikuwa yananiingia shingoni.

"Sogea huku, bwana," akaniambia. "Hapo kwako panavuja."

Nikasogea. Wiki iliyofuata nikamwambia mzee sina kitu, akanibatiza.

Sasa wewe unangoja nini? Niambie siku, nitakuja. Na habari ya mabati uniachie, watu wa Londiani nitawaeleza mwenyewe.

Mjomba wako,
Kiprono