Mama, Yohana Ameishia Makambako

Kamwene, mama.

Jana nilikuja kupalilia kaburi lako. Udongo umeshatulia na magugu yameanza kuota upande wa miguuni. Nilikaa pale mpaka ukungu ukashuka nisione hata nyumba ya baba mdogo, na sikuweza kusema chochote. Ndiyo maana nakuandikia. Wenzangu wote walikuaga. Mimi na Yohana hatukuwepo, na naona hakuna aliyekueleza vizuri kwa nini.

Siku uliyonituma ulikuwa wodini, umejifunika mablanketi mawili na bado unatetemeka. Ukanishika mkono ukasema, "Anna, kamlete kaka yako. Usirudi peke yako." Yohana alikuwa amekwenda Lusaka na mchele wa kuuza, miaka mingi nyuma, na simu zake zikakatika. Watu wa huku kwetu Yakobi walisema ametajirika, ametutupa. Wewe ulikuwa unawajibu palepale, "Mwanangu hayuko hivyo." Tulichokuwa nacho ni habari za dereva mmoja wa lori wa Makambako, aliyesema humwona Yohana kwenye soko lililo karibu na stendi kubwa ya Lusaka. Nikamwacha mdogo wangu Neema akuuguze, nikaenda.

Ulinishonea mfuko wa kuvaa ndani ya sketi, pasipoti ikae mwilini. Njia nzima nilikuwa naugusa. Tunduma naugusa, kwenye basi naugusa, wengine wakisinzia mimi macho. Nilipofika Lusaka nilitafuta gesti ya bei ya chini kuliko zote, chumba cha kuchangia, vitanda vya dabo deka kama bweni la shule. Kulikuwa na kabati la kila mgeni lakini kufuli ujiletee mwenyewe, na mimi sikuwa nalo. Ukutani wameandika kwamba mwenye nyumba hahusiki na kitu kitakachopotea. Nilisoma, mama. Nilisoma nikaona ni maneno ya kawaida tu.

Kitanda cha chini yangu alilala mwanamke aliyejiita Esta. Alinisalimia kwa Kiswahili! Hujui Kiswahili kilivyo kitamu ukiwa umekaa kwenye basi unasikia lugha usiyoijua. Alinigawia mkate, tukasali pamoja, nikamweleza habari zako akafuta machozi. Asubuhi nikawa nakwenda kuoga, bafu liko nje, maji kila mahali, na ule mfuko ungelowa, nikautia ndani ya mkoba. Esta akasema, "Nenda dada, mimi nipo, nakuangalizia."

Niliporudi mkoba wangu ulikuwa palepale kwenye msumari. Nikauinua, ukawa mwepesi.

Pasipoti, simu, nauli, vyote. Hata mswaki alichukua, sijui wa nini. Mwenye gesti alikuja, akanionyesha yale maandishi ukutani kwa kidole, akaondoka. Nikakaa kwenye kile kitanda. Sikuweza kutoka kwa sababu sikujua naenda wapi, na askari akinisimamisha nitamwonyesha nini? Dirisha lilikuwa na nondo na nje yake ukuta mwingine. Nilikuwa nimekuja kumtoa mtu na sasa mimi mwenyewe nimefungiwa.

Namba moja tu ndiyo niliyoijua kwa kichwa, yako. Dada wa usafi akaniazima simu yake. Akapokea Neema, akakuwekea sikioni. Hukuuliza habari za safari. Ulisema, "Umemwona?" Nikasema bado, mama. Ukasema, "Haya, mtafute." Mengine nikamwambia Neema, akampigia yule dereva, na dereva akawapigia wenzake walioko Lusaka.

Kesho yake mchana mtu akasimama mlangoni. Amekonda, ndevu zina mvi, kavaa sweta lililotoboka kwenye kiwiko. Nilimjua kwa ile namna yake ya kuinamisha kichwa hata pasipo na kizingiti kifupi. Nikamkumbatia. Nikamweleza yaliyonipata, nikidhani atanicheka kama zamani. Akakaa kwenye kitanda cha Esta, akasema, "Na mimi ndivyo ilivyoanza, Anna."

Hakutusahau, mama. Fedha yote ya mchele aliibiwa kwenye gesti kama ile, pamoja na pasipoti. Akaona haya kurudi mikono mitupu, maana ule mchele aliukopa kwa baba mdogo. Akasema nitabeba mizigo kidogo, nikipata nauli na cha kumlipa baba mdogo nirudi. Hakukipata. Mwaka ukapita, kibali kikaisha, akawa anaogopa kila mwenye sare, hata mlinzi wa benki. Aliniambia, "Nilikuwa nakaa mji mzima kama nakaa chumba kimoja."

Tulikwenda polisi, tukaenda ubalozini. Walitupokea vizuri. Yangu ilikuwa rahisi, namba ya pasipoti yangu waliiona, wakanipa hati ya dharura ya kurudia nyumbani. Yohana hakuwa na karatasi yoyote. Wakamwambia alete uthibitisho wa kwao. Neema akahangaika na mwenyekiti wa mtaa, barua ikaandikwa, ikapigwa picha, ikatumwa, muhuri hausomeki, irudiwe. Tukawa tunasubiri, Yohana akilipia vitanda vyetu kwa kubeba mizigo.

Hapo ndipo Neema alipopiga na kusema, "Dada, mama hali tena chakula. Njoo."

Mkononi nina hati, inaniruhusu mimi peke yangu. Yohana akasema, "Nenda Anna, utamkuta." Nilikwenda mpaka stendi, mama. Basi la Nakonde, la kwenda mpakani, limesimama, kondakta anaita watu. Nikafikiria nikifika, unafungua macho, unatazama nyuma yangu. Sikuweza kupanda. Nikarudi kwenye ile gesti nikakaa naye.

Ulifariki kabla ya barua ya pili kufika.

Walitungojea kadiri walivyoweza, halafu baba mdogo akasema inatosha. Siku ya mazishi Neema alishika simu juu tusikie. Tulisikia kwaya. Tukasikia mchungaji anakutaja jina lako lote. Halafu chepe la kwanza, na simu ikakatika. Yohana aliendelea kuishikilia sikioni. Watu wa chumbani waliona, wakatoka nje mmoja mmoja wakatuachia.

Hati yake ilipotoka tukasafiri. Tunduma alivuka ameshika mkono wangu kama mtoto. Lakini tulipofika Makambako, wakati nahangaika na gari la Njombe, alisema, "Tangulia, nipumzike kidogo." Amechukua chumba kwenye gesti nyuma ya stendi, anashusha magunia ya viazi, na huko kupumzika hakujaisha mpaka leo. Nikimpigia ananiuliza hali ya hewa ya Yakobi kama mtu aliye mbali sana.

Baba mdogo naye amesema asiyemzika mama yake asikanyage uwanja wa nyumbani. Madeni hayataji tena, ni hilo tu. Mimi nahesabiwa humohumo, isipokuwa nikipika wanakula. Nimejaribu kumweleza akanyanyua mkono nikakoma.

Na mimi siko sawa, mama. Mashine yangu ya kufumia masweta nimeiondoa mjini, ipo chumbani kwako, kwa sababu siwezi kukaa dukani mlango ukiwa wazi. Mteja akiniambia pole kwa upole nashika mkoba wangu. Kanisani nakaa mwisho ili nyuma yangu asiwepo mtu. Neema anasema nimerudi kutoka Lusaka nikiwa na ukuta wa ile gesti. Nilimkasirikia, lakini ndivyo ilivyo. Yohana yuko kwenye chumba chake, mimi kwenye changu, na baba mdogo anadhani anatufungia nje.

Basi nimeamua. Jumamosi nakwenda Makambako. Sitamdanganya kwamba baba mdogo amekubali, maana hajakubali. Nitamwambia nimetandika kitanda cha chumba cha nyuma, na kwamba mimi peke yangu barabara ile siiwezi. Akikataa nitakaa pale mlangoni mpaka achoke. Tutakuja mchana, tutashukia barabarani pale kila mtu anapotuona, tutapita mbele ya nyumba ya baba mdogo tukimwamkia, aitikie asiitikie. Halafu tutakuja kwako.

Hatafika ukiwa macho, hilo limeshapita na nimelilia vya kutosha. Lakini nakuahidi atafika. Ukisikia watu wawili wamesimama juu yako na hakuna anayejua aanze na neno gani, ujue ni sisi.

Pumzika, mama. Jumamosi si mbali.

Mwanao,
Anna